Waraka Namba Saba Kuhusu Viini vya Damu

Nchi ninayoisimulia haipo. Ofisi ya Ramani imethibitisha hivyo kwa barua yenye muhuri, kwa hiyo msomaji akiona mahali fulani panafanana na kwao, kosa ni la macho yake.

Katika nchi hiyo isiyokuwapo nilikuwa karani wa Sekondari ya Wasichana ya Utii kwa miaka kumi na tisa. Jina langu Hamduni. Nilipiga chapa barua, nikagonga kengele, nikatunza stoo, na sikuwahi kukosea nukta. Sijisifu. Nataka tu ijulikane kwamba haya niliyaona mwenyewe, na mengine niliyaandika kwa mikono yangu.

Tulikuwa na Rais, kama nchi nyingine. Kisha mshauri wake mmoja akafungua kitabu cha biolojia cha Kidato cha Pili. Akasoma kwamba kila kiumbe hai kimejengwa kwa seli, kwamba seli ndiyo kipande kidogo kabisa chenye uhai, na kwamba ndani yake mna kiini kinachoongoza mambo yote. Akafurahi mno. Wiki ile ile Bunge likakaa kwa dakika kumi na moja, kumi zikiwa za makofi, likapitisha kwamba kuanzia siku hiyo Rais ataitwa Mheshimiwa Kiini cha Taifa. Wananchi tukawa seli. Hatukulalamika. Tulishawahi kuwa matofali, na kabla ya hapo nyuki.

Biolojia ikawa somo la kwanza kwa heshima. Kila asubuhi wanafunzi waliimba mstarini kwamba utando wa seli ni askari wa mpaka, mitokondria ni Shirika la Umeme, na kiini ni Ikulu. Wimbo ulikuwa na beti tisa, na ubeti wa Shirika la Umeme uliimbwa mara mbili kwa sababu umeme wenyewe ulikuwa haupo.

Mtu mmoja tu hakuimba. Huyo ni Mwalimu Theonesta, aliyefundisha somo hilo. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, ambaye hasira yake ilionekana kwa jambo moja tu: alizidi kuwa na adabu. Alikuwa na hadubini ya shaba, ya pekee wilayani kwetu. Aliibeba mwenyewe kwa mikono miwili, na aliyetaka kumsaidia aliambiwa asante sana, mara mbili, mpaka aondoke.

Siku ya tukio nilikuwa maabara nikibandika kioo cha dirisha, ndiyo maana nilisikia.

Mwalimu alijichoma kidole kwa sindano, akapaka tone la damu kwenye kioo chembamba, akakiweka chini ya hadubini. "Hii ni damu yangu," alisema. "Njooni mmoja mmoja. Hivyo vidude vya mviringo ni seli nyekundu. Nitafutieni kiini."

Wasichana arobaini na sita wakapita. Hakuna aliyekiona.

"Mwalimu, hakipo," akasema mmoja, kwa sauti ya mtu aliyevunja kikombe cha wageni.

"Hakipo," Mwalimu akakubali. "Seli hii huzaliwa ndani ya uboho, kwenye mifupa, na inapozaliwa huwa nacho. Ikikomaa, inakitoa nje, ipate nafasi ya kubeba hewa tunayoivuta. Inazunguka mwilini miezi minne hivi, inafika mpaka kwenye ncha za vidole, kisha inachakaa na mwili unaivunja. Mmefika hapa asubuhi kwa miguu yenu kwa sababu yake."

"Sasa nani anaiamuru?"

"Hakuna. Kazi yake inaijua."

Hakusema zaidi ya hapo. Nami nilimaliza kioo changu nikaenda kugonga kengele.

Baada ya siku tatu ukuta wa soko uliamka umeandikwa kwa chaki: KAZI YETU TUNAIJUA. Siku ya tano, ukuta wa posta. Siku ya saba, mlango wa choo cha Mkuu wa Wilaya, kwa ndani.

Siku ya nane akaja Mkaguzi Mkuu wa Mitaala, Dakta Lutengano. Udaktari wake ulikuwa wa itifaki. Alikuwa mtu mkubwa mwenye harufu nzuri, na alizungumza kana kwamba kila mahali pana jukwaa. Alikuja na msafara wa magari matano, na katika gari la tano kulikuwa na makofi, yaani vijana sita wa kupiga makofi.

Aliinamia hadubini. Nilikuwa nimesimama karibu, nikaona kwamba jicho alilolifumba ni lile lililokuwa juu ya lenzi, na lililo wazi lilikuwa linatazama meza. Akakaa hivyo muda mrefu.

"Naviona," akasema hatimaye, akainuka. "Ndugu walimu! Viini vipo! Havionekani kwa sababu vina unyenyekevu. Kiini cha kweli hakijitangazi! Kiini kinafanya kazi usiku na mchana bila kutaka kuonekana, na anayedai hakioni ajiulize moyo wake ukoje!"

Makofi yakapiga makofi.

"Samahani, Mheshimiwa," akasema Mwalimu Theonesta. "Asante sana kwa maelezo. Ila havipo."

"Mwalimu, mimi na wewe ni watu wazima. Unataka watoto wajifunze kwamba kitu kinaweza kumtupa nje kiongozi wake na kikaendelea na kazi?"

"Nataka wajifunze damu yao ikoje."

"Damu yao itakuwa tutakavyoipangia."

Jumatatu ukatoka Waraka Namba Saba. Mimi ndiye niliyepiga chapa nakala za wilaya yetu, na nasema bila aibu kwamba ulikuwa umepangwa vizuri. Ulisema kwamba kuanzia tarehe ya waraka huo kila seli nyekundu ya damu ndani ya mipaka ya nchi ina kiini. Ukurasa wa arobaini na moja wa kitabu ufunikwe kwa karatasi mpya. Hospitali zote, za serikali na za binafsi, zipewe muhuri wenye maneno VIINI VIPO, na kila kipimo cha damu kigongwe muhuri huo. Kwa kuwa jibu lilikuwa limeshajulikana, wapimaji wasipoteze muda kutazama.

Nilibandika kurasa mia tatu na kumi kwa gundi, na nikapewa pia kazi ya kusambaza mihuri ya hospitali. Kisha nikapeleka hati ya kukubali waraka kwa kila mwalimu atie saini. Mwalimu Theonesta aliisoma mpaka mwisho, akanirudishia.

"Asante sana, Bwana Hamduni. Siwezi."

"Mwalimu, ni saini tu. Saini haina uzito, mimi nimetia elfu."

"Ndiyo maana," akasema.

Aliponiambia hivyo niliumia kidogo, kwa sababu alikuwa amenisaidia sana mwaka ule mke wangu alipokuwa mahututi. Lakini hati ilikuwa na nafasi chini kwa ajili ya shahidi wa kukataa. Palikuwa na mistari na nukta, na pengo linalosubiri jina linanisumbua. Nikatia saini.

Walimchukua asubuhi, saa ya mapumziko, watu wawili waliovaa vizuri wakamsalimia kila mtu. Walichukua na hadubini. Katika hati ya mashtaka iliandikwa: mshtakiwa wa kwanza, Theonesta Kagemulo, mwalimu; mshtakiwa wa pili, hadubini moja, ya shaba, kuukuu. Hakimu aliwauliza wote wawili kama wana la kusema. Mshtakiwa wa pili hakujibu, na hilo likahesabiwa kuwa kiburi. Hadubini ikarudishwa shuleni chini ya ulinzi, ikafungiwa stoo kwangu. Mwalimu akapelekwa Kituo cha Tafakari, selo namba tisa.

Nilikuwa nikienda Jumapili na sabuni na mkate. Sijui kwa nini nilikwenda. Tulizungumza kupitia wavu, mlinzi akiwa amekaa pembeni kwenye kiti.

"Unafanya nini mchana kutwa, Mwalimu?"

"Nafundisha. Tuko wanawake kumi na nne. Mmoja aliiba mahindi, wengine hawajaambiwa. Juzi nilikuwa nawaeleza jinsi seli inavyojigawa. Kabla ya kugawanyika, inanakili maelekezo yote iliyo nayo, herufi kwa herufi, na kuna vitu ndani yake vinavyopita kukagua kama kuna kosa. Likikutwa kosa linarekebishwa. Lisiporekebishika, seli inajimaliza yenyewe, isije ikaharibu wenzake."

"Na isipojimaliza?"

"Hapo ndipo mtu anapoumwa, Bwana Hamduni."

Niliona mlinzi ameacha kuchezea funguo. Alikuwa anasikiliza.

Mwezi wa sita Mheshimiwa Kiini cha Taifa akaacha kuonekana. Redio ilisema yuko kazini. Ikasema tena kesho yake, na baadaye kila saa, na kati ya taarifa na taarifa ikapigwa bendi ya jeshi. Magazeti yakatoa picha yake akipanda mti, lakini aliyepanda mti wake siku ile ile, na sasa ukawa umempita kimo, alijua kwamba picha ni ya mwaka wa juzi. Hatukuulizana. Watu walinunua chumvi na mafuta ya taa, wakafunga milango mapema, na kila aliyepita alimsalimia mwenzake kwa sauti ya juu ili isikike kwamba wamesalimiana tu.

Kisha gari likaja shuleni kunichukua mimi.

"Wewe ndiye mwenye hadubini?" akauliza aliyeketi mbele.

"Mimi nina ufunguo tu."

"Ilete. Na uchukue kalamu na daftari. Utaandika kumbukumbu za kikao."

Njiani nikajua sababu, kwa kuwa Dakta Lutengano alikuwa ndani ya gari na furaha ilikuwa imemjaa. Damu ya Mheshimiwa ilikuwa imepimwa Ikulu. Wapimaji wote wa Ikulu walikuwa wameshazoea kugonga muhuri, ila mmoja, ambaye haikufahamika alipatwa na nini, alitazama. Akaviona viini. Katika seli nyekundu za Mheshimiwa, waziwazi, bila unyenyekevu wowote. Mpimaji huyo alikuwa ametoroka kupitia dirisha la jiko, jambo ambalo Dakta Lutengano alilieleza kuwa ni furaha iliyozidi.

"Unaelewa, karani? Katika watu milioni ishirini na tatu, damu yake peke yake imetii waraka! Leo yule mwalimu wenu ataona kwa macho yake, atakiri, ataandika, na taifa litasikia."

Ukumbi ulikuwa mkubwa wenye mapazia mazito, mchana wa saa sita. Mawaziri tisa walikaa upande mmoja. Mwisho wa ukumbi, kwenye kiti kirefu, alikaa mtu mdogo aliyefunikwa blanketi mpaka kifuani. Nilitafuta Rais yuko wapi, kisha nikaelewa kwamba ndiye huyo. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

Wakamleta Mwalimu Theonesta. Alikuwa amekonda, na walimvalisha gauni jipya lililompwaya. Alipita mbele ya mawaziri bila kuwatazama, akaenda mpaka kwenye kile kiti, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Mzee."

Nadhani miaka ilikuwa imepita bila mtu kumwita Mzee. "Marahaba, mwanangu," akajibu.

Kioo chenye damu kilikuwa tayari, kimetiwa rangi. Mwalimu akakaa kwenye hadubini yake, akaifuta lenzi kwa pindo la gauni, akatazama. Alitazama muda mrefu sana. Akasogeza kioo kidogo, akatazama tena.

"Haya, Mwalimu!" Dakta Lutengano akasema. "Unaona nini?"

"Naona seli nyekundu zenye viini."

Mawaziri wakasimama, wakapiga makofi. Nami nikaandika: makofi.

"Basi tia saini hapa."

"Kwanza naomba nimuulize mgonjwa."

"Hakuna mgonjwa humu."

Alishageuka. "Mzee, unachoka?"

"Kunyanyua kijiko kunanichosha."

"Fizi zinatoka damu?"

"Kila asubuhi."

"Mifupa inauma?"

Mheshimiwa akayafumba macho, akatikisa kichwa kukubali.

Mwalimu akavuta stuli akakaa mbele yake, kama alivyokaa mbele ya mwanafunzi aliyefeli. "Mzee, zile seli zimetoka kabla ya wakati. Uboho wako unasukuma nje seli changa, ambazo hazijawa tayari kwa kazi. Mtu mzima mwenye afya hatakiwi kuwa nazo kwenye damu. Zimesukumwa kwa sababu zimekosa nafasi ndani. Kuna nyingine zimejaa humo."

"Zipi?"

"Kubwa, nyeupe. Ni nyingi kuliko zote. Hizo ni seli zako mwenyewe, Mzee, hazikutoka nje ya nchi. Zilikosea katika kujinakili, zikapaswa kujimaliza, zikakataa."

"Zinafanya kazi gani?"

"Hazina kazi. Zinakula na kujigawa. Zikishajaa kwenye uboho, zinazofanya kazi zinakufa kwa kukosa mahali."

Mheshimiwa akageuza kichwa polepole, akawatazama mawaziri wake, mmoja baada ya mwingine, wote tisa.

"Hizo nazo zina viini?" akauliza.

"Vikubwa sana, Mzee."

Niliandika neno moja, nikalifuta.

"Kuna dawa?"

"Zipo. Si rahisi, na siwezi kukuahidi. Lakini uwe hospitalini wiki hii, kwa watu wanaotazama kabla ya kuandika. Kila siku inayopita hizo zinaongezeka."

Mheshimiwa akaweka mikono yake kwenye mikono ya kiti, akajaribu kusimama, akashindwa. Akasema kwa sauti ambayo sote tuliisikia vizuri: "Nipelekeni hospitali."

Hakuna aliyeondoka mahali pake.

"Nimesema nipelekeni hospitali."

Waziri mmoja akatazama saa. Mwingine alikuwa anachunguza zulia. Walinzi wawili mlangoni walimtazama Dakta Lutengano, wala si Rais. Dakta Lutengano alisogea mbele, akatabasamu.

"Mheshimiwa anatania," akasema. "Taifa zima linafahamu afya yake. Damu yake imetii waraka alioutia saini yeye mwenyewe. Kumpeleka hospitali mtu mwenye damu kama hiyo ni kumtukana."

Akacheka. Mawaziri wakacheka. Wale vijana sita wa makofi walikuwa nje ya mlango, nao waliposikia kicheko wakaanza kupiga.

Mheshimiwa alikuwa ameushika mkono wa gauni la Mwalimu. Vidole vyake vilikuwa vimekaza.

"Niacheni nikae naye," akasema Mwalimu. "Nitatia saini mnachotaka. Niacheni tu nikae naye."

Wakavibandua vidole vile kimoja kimoja, kwa heshima zote. Wakati wanamtoa, Mwalimu alipita mbele ya meza yangu.

"Bwana Hamduni," akasema, "andika alichosema."

Dakta Lutengano alikuja kusimama nyuma yangu. Nilisikia harufu yake nzuri. Nikaandika: Mheshimiwa alitania kuhusu hospitali, wajumbe wakacheka. Nikaweka nukta mahali pake.

Kile kiti kikasukumwa mpaka chumba cha pembeni, mlango ukafungwa, na ufunguo ukazungushwa kwa nje.

Saa saba redio ikatangaza. Damu ya Mheshimiwa Kiini cha Taifa ni kielelezo kwa kila raia. Ameagiza, ikasema, kwamba kuanzia mwezi ujao raia wote wapimwe, na damu itakayokutwa haina viini ichunguzwe pamoja na mwenyewe. Bendi ikapigwa. Nilifika nyumbani mke wangu akaniuliza kama nimemwona Mheshimiwa, yukoje. Nikamwambia mzima. Akanitazama, akaniwekea chakula, akaenda kula chake jikoni.

Jumapili nilikwenda Kituo cha Tafakari na sabuni na mkate. Yule mlinzi alikuwa kwenye dirisha la mapokezi, ameweka daftari mbele yake.

"Theonesta Kagemulo, selo namba tisa," nikamwambia, ingawa alinijua.

Akafunua kurasa, akapitisha kidole. "Hayumo."

"Amehamishwa?"

"Hajawahi kuwamo, mzee."

Nyuma yangu hapakuwa na mtu mwingine. Mlinzi akatazama kulia na kushoto, akafunga daftari, akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wavu.

"Mzee, wewe ni mtu wa shule," akasema kwa kunong'ona. "Yule mwalimu alikuwa anawaeleza wenzake dalili za ugonjwa wa damu. Mke wangu anatoka damu kwenye fizi. Anachoka, hawezi kuchota hata ndoo moja. Nilitaka nimuulize, wakamchukua kabla. Tumekwenda hospitali tukapimwa, wakatupa karatasi." Akaitoa mfukoni, imekunjwa mara nne. Ilikuwa na jina la mwanamke, tarehe, na muhuri wa buluu uliogongwa vizuri, umenyooka. "Wanasema viini vipo, ni mzima. Lakini mimi naishi naye, mzee. Si mzima."

"Usingoje," nikasema. "Mpeleke akapimwe upya. Wiki hii. Kwa watu wanaotazama."

"Wapi?"

Nikafungua mdomo nimtajie hospitali. Nikaanza na ya wilaya, kwa kuwa iko karibu, nikakumbuka kwamba muhuri wake niliupeleka mwenyewe, kwa baiskeli. Nikafikiria ya misheni, nikaona sahihi ya sista mkuu kwenye kitabu changu cha kupokelea. Nikaenda mpaka ya mkoa, nikaenda mpaka zile za mpakani ambazo nilizijua kwa anwani tu, nilizoziandika kwenye bahasha za mihuri.

"Wapi, mzee?" akauliza tena, na mkono wake ulikuwa umeupitia wavu, umeshika karatasi, unaningoja.